Shamba la Mtumba

Zuhura aliishika ile mashine ya gemu kwa mikono miwili, akaisogeza sikioni, akaitikisa.

"Mama, hiyo siyo nazi," Najim akanong'ona.

"Nyamaza. Kitu chochote chenye tumbo kinatikiswa."

Sasa sikia. Huyu mama anauza nazi pale barabarani Kerege tangu Najim ananyonya. Mpe nazi gizani, ataitikisa mara moja tu akwambie hii ina tui zito, hii ina ufa, hii imeoza tupa kule. Kwa hiyo pale Mapinga, kwenye baraza ya jamaa mmoja anaitwa Majaliwa, hakuona ajabu yoyote. Majaliwa ni mtu wa mjini, kajenga Mapinga ila kazi yake iko Dar, asubuhi anakwenda, jioni anarudi. Alikuwa ameshaunganisha waya zote kwenye televisheni yake ili awaonyeshe mashine inavyofanya kazi, mara paa, umeme ukakatika. Feni ikasimama. Wakasubiri. Wakaletewa maji ya baridi, wakanywa. Wakasubiri tena.

"Dada yangu, mimi natoka," Majaliwa akasema, anaangalia simu. "Kuna mtu wa Bunju anaitaka leo hii. Nyie mmetangulia ndiyo maana nawaheshimu. Mashine, pedi mbili za kuchezea, na huo mfuko wa sidii. Mpira wa mwaka huu upo, mieleka ipo, magari yapo. Kava hizo, someni wenyewe."

Najim akazisoma kava. Kijana kamaliza fomu foo mwaka juzi, hajapata pa kwenda, ndoto yake yote ni banda la gemu, na hapo mkononi kashika mchezaji mpira kapiga magoti anashangilia goli. Akafungua kava moja ya juu, akaona sidii inang'aa, akafunga. Zingine hakufungua. Kwa nini? Kwa sababu ya yale maji. Umekaribishwa kwa mtu, umekaa kwenye kiti chake, umekunywa maji yake, halafu unaanza kumpekua kava moja moja kama umemkamata na mali ya wizi? Kwetu huku hiyo haifanyiki. Najim akaona haya. Mama yake naye akaona haya. Majaliwa akaona kuwa wameona haya.

"Ndani kuna kitu kinalia," Zuhura akasema, bado kaiweka sikioni.

"Ndiyo zilivyo, dada."

"Basi sawa. Nazi isiyolia haina kitu."

Akafungua pindo la kanga, akatoa hela ya upatu. Hiyo hela kinamama wenzake walimpa zamu yake ili anunue bati, maana chumba cha mbele kinavuja. Sasa inanunua gemu, tena kwa mdomo wa mtoto wake, aliyemwapia kuwa gemu ndiyo itakayonunua bati, tena nyingi.

Wakati wanatoka getini Zuhura akasimama kidogo kwenye mkorosho mmoja ulioachwa pale ndani ya ukuta. Akaugusa gome. Najim akajifanya anafunga kamba za mfuko. Mkorosho ule ulipandwa na Alawi, marehemu mumewe. Hapo pote, nyumba ya Majaliwa, ukuta, na nyumba nne za majirani zake, palikuwa shamba lao, mpaka Bwanausi, kaka wa marehemu, alipoliuza kwa dalali likakatwa viwanja. Zuhura akaliacha gome. Akapanda bodaboda na mtumba wake mapajani, kaukumbatia kama mtoto mchanga.

Nyumbani Kerege kulikuwa kumeshajaa. Vijana wa kijiweni walikaa kwenye mabenchi aliyoyapigilia Najim mwenyewe, chumba cha mbele kimefagiliwa, televisheni ya marehemu imefutwa vumbi. Mpaka Adila, dada yake Najim aliye fomu thrii, alikuwa ameandika kwenye karatasi kubwa: GEMU HAPA, NUSU SAA JERO (500), HAKUNA MATUSI.

"Pedi ya pili iko wapi?" Adila akauliza, anapekua mfuko.

Najim akatafuta. Akageuza mfuko. Pedi ilikuwa moja.

"Si alisema mbili?"

"Itakuwa kasahau. Washa kwanza."

Mashine ikawaka taa. Wakapiga makofi. Mende mmoja mkubwa akatoka kwenye tundu la nyuma, akasimama juu ya mashine, akawaangalia, akaondoka zake. Wakacheka, wakapiga makofi tena. Najim akachukua sidii ya kwanza, akaipeleka mdomoni mwa mashine. Mashine ikaisukuma nje. Akaingiza tena. Ikasukuma tena, kama mtoto aliyekataa uji. Ya mieleka, hivyo hivyo. Ya magari, alipofungua kava, ndani hamna kitu, kuna kikaratasi cha dobi.

"Mzee baba, umepigwa," mmoja akasema kwa upole kabisa. Ule upole ndiyo ulimuuma zaidi.

"Labda inataka ubani!"

"Mrudishie nauli yake huyo mende, ndiye mwenye mali!"

Chumba kikabaki na mabenchi. Zuhura alikuwa mlangoni, kajitanda kanga, hakucheka wala hakugomba. Alisema tu, "Kesho tunamrudishia mwenyewe. Mtu aliyetupa maji atatusikiliza."

Majaliwa hakuwafungulia geti. Waligonga, wakasikia viatu vinakuja, vikasimama upande wa pili.

"Nani?"

"Sisi, baba. Wa jana, wa gemu. Ile mashine haimezi sidii."

"Dada, mimi nilikuuzia nzima."

"Umeme haukuwepo, hatukuijaribu. Na pedi ulisema mbili."

"Sikiliza mama," sasa kashamuita mama, "ule ni mtumba. Mtumba hauna waranti. Ukinunua shati la mnadani likapasuka, utamfuata mzungu wake? Mali ikishatoka getini imetoka."

"Basi hata hiyo pedi ya pili..."

"Imetoka getini, mama!"

Viatu vikaondoka. Zuhura akabaki anaongea na bati la geti. Fundi mmoja aliyekuwa anajenga ukuta wa jirani akaacha kuchanganya mchanga, akawaangalia. Alikuwa mzee Mwishehe, jirani yao wa Kerege, naye aliuza shamba lake upande ule ule, na sasa anabeba zege la watu humo humo alimokuwa analima mihogo.

"Shikamoo mzee," Najim akasema, machozi yako karibu.

"Marahaba baba. Mmefuata nini huku?"

"Kitu chetu," Zuhura akajibu.

Mwishehe akatingisha kichwa. "Huku hamna tena kitu chetu, Zuhura. Mimi ndiyo nakwambia, na nimeshika koleo."

Njia nzima Najim alipiga namba ya Majaliwa. Mara ya kwanza ikaita. Baada ya hapo haikuita tena. Jamaa kashamfungia namba.

Na Bwanausi alishasikia. Habari ya mtu kupigwa Kerege haihitaji redio. Alikuja jioni, msuli mpya, kofia ya vito, na nyuma yake mtu mwenye mita anapima chumba cha mbele bila hata hodi.

"Shikamoo shemeji," Zuhura akasema.

"Marahaba. Huyu bwana anataka kufungua saluni. Atalipa mwaka mzima."

"Shemeji, hiki ndiyo chumba changu cha nazi. Na banda la mtoto."

"Banda lipi? La mende?" Mwenye mita akacheka, Bwanausi hakucheka. "Zuhura, nyumba ni ya marehemu wetu wote. Hela ya bati umeinunulia mdoli. Ningekuwa mkali ningesema leo. Mimi siyo mkali. Jumamosi asubuhi nakuja na huyu bwana. Kama humu kuna biashara, nitaona kwa macho yangu, nitaondoka. Kama hakuna, toa nazi zako uhamie nyuma na wanao."

"Ba'mkubwa," Najim akasema, "shamba ulituambia hivyo hivyo. Ukasema kama halizalishi liuzwe."

Adila akamfinya kaka yake mkono.

"Lilikuwa halizalishi," Bwanausi akasema taratibu. Akaangalia pembeni. "Jumamosi."

Alipoondoka Najim alilia wazi, kijana mkubwa, kaegemea mabenchi yake. Nyumba ya nyuma ni chumba kimoja. Walale watatu na nazi? Na hata nazi zenyewe, mteja gani wa barabarani atazifuata uani?

"Mama, nipige," akasema.

"Nikupige na nini, hata ufagio umeazimwa," Zuhura akasema. "Hiki kitu kililia tumboni. Nimekisikia kwa sikio langu. Kitu hakilii bure. Kesho tunakwenda mjini kwa Nilesh."

Duka la Nilesh liko Bagamoyo mjini, babu yake aliuza redio za mbao pale pale. Yeye anauza na kutengeneza chochote chenye waya. Duka lilikuwa na wateja, na mama yake Nilesh, Bi Hansa, alikuwa kwenye kiti chake mlangoni, miguu ndani ya soksi.

"Nilesh baba, tumepigwa mtumba," Zuhura akasema, akaiweka mashine juu ya meza.

"Mliijaribu?"

"Umeme ulikatika."

"Kava mlifungua zote?"

"Alitupa maji," Najim akasema.

Nilesh akamwangalia, akaguna. Alielewa. Na yeye kazaliwa hapo hapo. "Mdogo wangu, mimi mtumba siusemi vibaya, hili duka lote ni mtumba. Kitu kipya mwenye hela ya mawazo hakipati, mtumba ndiyo unampa na yeye nafasi. Ila maji ya mtu kunywa, asante sema, halafu fungua kava zote. Asiyetaka ufungue, ndiyo kakujibu."

Akachukua bisibisi. Alipofungua tumbo la mashine, mende walitoka kama wanafunzi waliopigiwa kengele. Bi Hansa akanyanyua miguu juu. Nilesh akapuliza vumbi, akapiga brashi, akaingiza kidole pembeni, akacheka.

"Ndiyo maana inatapika. Imeshiba."

Akachomoa sidii. Ilikuwa imeteleza kutoka mahali pake, imelala upande, ndiyo iliyokuwa inagonga kila mashine ikitikiswa. Imesahauliwa humo sijui tangu lini. Ilikuwa safi haina hata alama ya kidole.

"Si nilikwambia?" Zuhura akamgeukia mwanawe. "Isiyolia haina kitu."

Nilesh akafunga, akaunganisha kwenye televisheni kubwa ya dukani, akaanza kujaribu zile zingine. Ya mieleka ilifika kwenye picha ya kwanza ikaganda. Nyingine zimekwaruzwa kama zimetumika kusugulia sufuria. Halafu akaingiza ile ya kava la mpira wa mwaka huu. Najim akafumba macho. Duka zima likageuka.

Muziki ukalia. Mwanamke kavaa gauni la zambarau akaingia anacheza, nyuma yake mashangazi na masufuria kichwani, vigelegele kwa kwenda mbele. Maandishi ya dhahabu: SHUGHULI YA KUMFUNDA BI HARUSI WETU. Na pale kwenye ukuta wa ukumbi, picha ya bwana harusi mtarajiwa, kubwa kama lango: Majaliwa, anatabasamu.

Wateja walikufa kwa kicheko. Mmoja akasema goli la kwanza limefungwa na shangazi. Najim alitamani ardhi immeze. Zuhura, kwa uso uleule wa kuchagua nazi, akasema, "Itoe hiyo, irudishe kwenye kava lake. Itunze vizuri. Shughuli ya mtu ni kitu kikubwa."

Ikabaki ile ya tumboni. Nilesh akaiingiza. Mashine ikaimeza, ikakoroma kidogo, ikatulia. Kwenye kioo likatokea trekta jekundu. Jua linachomoza. Shamba limenyooka mpaka mwisho wa macho.

"Gemu la kulima," Nilesh akasema. "Unalima, unapanda, unavuna, unauza. Linacheza vizuri tu. Hili hapa Bagamoyo sijaliona kwa mtu."

"Nani atatoa jero aje kulima?" Najim akasema, sauti imekufa.

Walipouliza bei ya kazi, Bi Hansa akasema hela hataki, anataka nazi za sala, nzima, zisizo na ufa, na hamwamini mtu mwingine kuzichagua. Zuhura akashusha kikapu, akatikisa, akagonga kwa kucha, akamwekea mapajani moja baada ya nyingine. Bi Hansa akazipokea kwa mikono yote miwili.

Vijana wa kijiwe waliposikia mashine imepona walikuja mbio, walipoona trekta wakaondoka mbio zaidi.

"Broo, mimi nimetoroka jembe la bibi kule kijijini Mkange, unaniletea jembe hapa?"

"Na mbolea ipo? Nikachukue ng'ombe?"

Najim akazima. Adila akawasha. "Umeme tumeshanunua," akasema, "usipotumika unakuonea huruma?" Akakaa mwenyewe, akashika pedi, akaanza kusoma maelezo ya Kiingereza huku anayatafsiri kwa sauti, maana huyu binti hawezi kusoma kimyakimya. "Chagua shamba. Haya. Ondoa magugu. Haya. Angalia hali ya hewa kabla hujapanda."

"Nani kasema uangalie hali ya hewa?"

Mzee Mwishehe alikuwa mlangoni. Kapita kununua nazi, suruali ina saruji mpaka magotini.

"Gemu, babu. Shikamoo."

"Marahaba. Na hilo trekta la nani?"

"Langu."

"Lako!" Akaingia. Hakukaa. Akasimama nyuma yake, mikono mgongoni. "Unakwenda kombo. Rudi. Unaona? Umeacha kipande. Hapo utaota ukoka tu. Rudi mjukuu wangu, rudi, usinitie aibu."

"Babu, kaa ulime mwenyewe."

"Mimi? Na vidole hivi?"

Alikaa. Pedi aliishika juu chini mpaka Adila akamgeuzia. Trekta la kwanza aliliingiza mtoni, la pili akagonga nyumba ya watu, akaomba radhi kwa sauti, "samahani jamani," mpaka Zuhura akacheka huko nje kwenye nazi zake. Halafu mkono ukazoea. Mstari wa kwanza ukanyooka. Wa pili ukanyooka. Mzee akaacha kuongea. Kaegemea mbele, mdomo wazi, udongo unafunguka nyuma ya trekta, mweusi, laini, na ndege wa kwenye kioo wanashuka kufuata jembe kama wanavyofanya ndege wa kweli.

"Mpaka wangu uliishia kwenye mwembe," alisema baadaye, siyo kwa mtu. "Hapa naona hata mpaka hakuna."

Alipotoka alisahau nazi. Alirudi kesho yake na wenzake wawili wa kubeba zege. Kesho yake tena wakaja na wengine. Yaani watu wazima, wenye wajukuu, waliouza mashamba Mapinga na Kerege kwa watu wa mjini halafu hela ikaisha na mikono ikabaki, walipanga foleni kwenye benchi la Najim kushika trekta. Na walibishana! Huyu anasema mahindi yapandwe sasa, yule anasema subiri. Mmoja alivuna mapema, wenzake hawakumsalimia mpaka jioni. Kinamama nao wakaja, mmoja akaweka kuku wengi mpaka gemu ikawa inalia kokoko muda wote. Adila akitoka shule anatafsiri, Najim anagawa zamu na kukusanya jero, na kila anayengoja zamu ananunua dafu kwa Zuhura. Vijana wa kijiwe walirudi kutazama, wakajikuta wanauliza, "Babu, lile jembe la diski linafungwaje?"

Ila kila jioni, watu wakiondoka, Zuhura alikuwa akikiangalia kile chumba kutoka ukuta hadi ukuta. Jumamosi inakuja, na shemeji yake akishasema kitu mbele ya mgeni, harudi nyuma.

Jumamosi Bwanausi alikuja na mtu wa saluni, kama alivyosema. Hawakuweza kuingia. Mlangoni kandambili zimejaa kama msikitini siku ya Idi. Bwanausi akavua zake juu ya za watu, akapenyeza kichwa.

"Kuna msiba?"

"Shhh!" watu wakamwambia.

Mwishehe alikuwa anavuna. Mashine kubwa ya kuvunia inakula mahindi, watu wamekaa mpaka sakafuni. Bwanausi akaangalia. Akaangalia tena. Mtu wa saluni akamgusa bega.

"Mzee, nishushe vioo vya saluni kwenye gari?"

"Ngoja kwanza. Mwishehe! Unaacha mapengo!"

"Nimeacha wapi?"

"Kushoto! Kushoto huko! Wewe hukujua kulima tangu zamani, baba yako alikuwa analia."

"Shika wewe basi, bingwa!"

Chumba kizima, "Ashike! Ashike!" Zuhura alikuwa kasimama mlangoni na panga la dafu. Bwanausi akapanda juu ya miguu ya watu, akakaa, akakunja msuli, akashika pedi. Akarudi kwenye lile pengo, akalifuta. Akafika mwisho wa shamba, akageuza, akanyooka. Jasho linamtoka. Kwenye kona moja ya shamba kulikuwa na mti, sijui mti gani wa wazungu, na kila akifika pale anapunguza mwendo, anauzunguka pole pole, hataki hata jani liguswe. Zuhura aliliona hilo. Akaukumbuka mkorosho wa Alawi.

"Mzee, chumba?" mtu wa saluni akaita kutoka nje.

"Chumba gani?"

"Si hiki ulichoniambia!"

"Bwana, huna macho? Katafute kwingine. Humu kuna biashara."

Watu wakapiga kelele za shangwe ambazo sijui hata kama wote walijua wanashangilia nini. Adila alijua. Aliruka akamkumbatia mama yake na panga lake mkononi.

Kelele hazijaisha, gari likasimama barabarani. Akashuka Majaliwa, miwani kichwani, anauliza wapi kwa mama wa nazi. Alipomwona Zuhura akalainika mpaka mabega.

"Mama yangu, shikamoo."

Leo shikamoo! "Marahaba."

"Kuna sidii moja ilichanganyika kwenye ule mfuko. Ya shughuli ya mke wangu. Hakuna nakala nyingine, nyumbani hakukaliki. Naomba niingie niitafute."

"Subiri nje kidogo, baba," Zuhura akasema. "Watu wanalima."

Akasubiri. Kwenye jua, pembeni ya maganda ya madafu, mtu na miwani yake. Mafundi zege wawili wakamtambua, wakasogea wasije wakakosa uhondo. Zuhura alimfungulia mteja dafu, akamrudishia chenji, akafagia kidogo. Ndipo akaingia, akatoka na kava.

"Hii hapa. Ipo salama, hatujaikwaruza."

"Mungu akubariki. Nikupe nini?"

"Hela sitaki. Wewe ulisema pedi mbili."

Majaliwa akashusha miwani usoni. Akaenda kwenye gari, akarudi na pedi. Kumbe alikuja nayo, nafsi ilikuwa inamwambia. Zuhura akaipokea, akaitikisa sikioni. Watu wakaangua kicheko. "Haya, nzima," akasema, akampa sidii. Halafu akamwita Adila. "Mpe na dafu, mgeni huyu. Asije akasema kwetu hakupewa maji."

Wakati anakunywa Majaliwa akachungulia ndani. Akashangaa umati, akashangaa kioo. "Lile si gemu langu la shamba? Nilikuwa nalitafuta mwaka mzima!" Akaingiza kichwa kabisa. "Mama, nalinunua. Narudisha hela yote mliyonipa, mashine mbaki nayo. Tena naongeza. Nauziwa?"

Hela yote ya upatu, hapo hapo, mkononi. Najim akamwangalia mama yake. Mama yake akafungua mdomo, lakini jibu lilitoka mbele, kwa mtu ambaye hakugeuza hata shingo.

"Hatuuzi," Bwanausi akasema.

"Mzee, nataja bei nzuri..."

"Najua mnavyotaja bei, kijana. Mimi ndiye niliyepauza pale unapolala." Trekta lilikuwa limefika kwenye mti, likapunguza mwendo, likazunguka. "Hili hatuuzi. Au nimekosea, shemeji?"

Miaka yote hiyo hajawahi kumuuliza Zuhura neno kuhusu shamba. Zuhura akaweka panga chini.

"Hujakosea, shemeji."

Mwishehe alikuwa wa kwanza kupiga kofi, halafu chumba kikalipuka, mabenchi yanatetemeka, kuku wa kwenye gemu wanalia, kinamama nje wanapiga vigelegele. Majaliwa akamalizia maji yake, akaaga kwa adabu, akaondoka na shughuli yake kwapani.

Najim akachomeka pedi ya pili. Ikawaka. Sasa shamba linalimwa na watu wawili wawili. Mwishehe akaikamata kabla hajaulizwa, na pale pale wakaanza kugombana mpaka wa shamba upite wapi.

Halafu Najim akaisimamisha gemu, muda umekwisha. Zuhura akanyoosha kiganja mbele ya uso wa Bwanausi, kiganja kile kile cha nazi.

"Zamu imeisha, shemeji."

"Mimi? Kwenye nyumba ya ndugu yangu?"

"Humu kuna biashara. Umesema mwenyewe."

Watu wakasubiri. Bwanausi akamwangalia, akaangalia kioo, wingu jeusi limeshatanda juu ya mahindi yake yaliyobaki. Akaingiza mkono kwenye kiuno cha msuli, akatoa jero, akaona haitoshi, akatoa buku.

"Ongeza, Zuhura, ongeza haraka," akasema. "Mvua inakuja na sijavuna."